Bima haikulipia IVF, lakini ndiyo iliyoamua kituo

Kipengele chenyewe kilikuwa mistari miwili tu, katikati ya kijitabu cha bima ambacho mwajiri humpa kila mfanyakazi na hakuna anayekifungua hadi augue. Mstari wa kwanza: uchunguzi wa chanzo cha kutopata mimba, hadi shilingi 100,000 kwa familia kwa mwaka, ndani ya fungu la matibabu ya nje, yaani yasiyo ya kulazwa. Mstari wa pili: matibabu ya kusaidia kushika mimba, kwa njia yoyote ile, hayalipiwi. Mke, mhasibu wa kiwanda kimoja cha Industrial Area, Nairobi, alipofika kwenye mstari wa pili alifunga kitabu. Kuanzia siku hiyo yeye na mumewe, muuza vipuri vya magari Kirinyaga Road, walitafuta kituo cha uzazi kama watu wasio na bima kabisa. Waliuliza bei, wakalinganisha bei, na walikuwa wamebakisha kidogo tu kulipa pale palipokuwa na bei ndogo.

Mimi ni wakala wa bima. Kisa hiki nakieleza kwa ruhusa yao, na nimebadilisha mambo madogo madogo yasiwatambulishe. Wengi wanaokuja kwangu na swali hili huamini kwamba bima ikishakataa IVF, ile njia ya kutungisha yai maabara kisha kupandikiza kiinitete (mimba changa kabisa) kwenye nyumba ya uzazi, imetoka kwenye hesabu. Haijatoka. Ina kazi kabla ya IVF na ina kazi baada yake, na anayezisahau kazi hizo mbili ndiye hununua rahisi akaja kulipa ghali.

Walikoanzia

Mke ana miaka 36, mume 41, wanaishi Donholm. Walikuwa mwaka wa nne bila mimba, ilhali Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa kuna tatizo baada ya miezi 12 ya kujaribu bila kinga. Na si tatizo la wachache: ripoti ya shirika hilo ya 2023 inasema karibu mtu mmoja kati ya sita hulipitia wakati fulani maishani.

Mke alikuwa ameshapigwa picha ya mirija ya uzazi, ile ya kuingiza dawa kisha eksirei. Mrija wa kulia ulionekana umeziba na kuvimba kwa maji, wa kushoto uko wazi. Homoni ya AMH, inayokadiria akiba ya mayai, ilikuwa 1.3, chini kidogo lakini si ya kukatisha tamaa. Pia alikuwa na maumivu ya nyonga upande wa kulia, yanakuja na kuondoka, na kwa miaka alikuwa akiyatuliza kwa vidonge vya kununua dukani. Hayo maumivu tutayarudia, maana yalikuja kuwa na thamani ya karibu shilingi laki tatu.

Mume hakuwa amepimwa chochote. Kipimo cha manii ndicho rahisi kuliko vyote, hakina sindano wala dawa ya usingizi, na hapa ndicho kilichongojewa kufanywa mwisho. Nilipomuuliza alinijibu, "Dada, mimi sina neno, kwetu tumezaliwa wanaume saba." Sikubishana naye. Nilimwambia fungu la 100,000 linamhusu na yeye pia, na lisipotumika mwaka ukiisha linapotea. Mfanyabiashara hapendi kuona pesa zikipotea, akaenda. Majibu: mbegu milioni 7 kwa mililita, na kati ya hizo robo tu ndizo zinazoogelea. Kiwango cha chini cha Shirika la Afya Duniani, kwa toleo la 2021, ni milioni 16 kwa mililita na asilimia 42 zinazotembea. Alirudia kipimo baada ya miezi mitatu, kwa kuwa mbegu huchukua zaidi ya miezi miwili kutengenezwa. Majibu hayakusogea sana.

Mfukoni walikuwa na 430,000 za Sacco na uwezo wa kukopa 200,000 nyingine. SHA, bima ya afya ya serikali ambayo mume huchangia, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, lakini haina fungu la IVF. Waliulizia India pia, kama wanavyofanya Wakenya wengi. Walipojumlisha tiketi mbili, viza, malazi na duka lililofungwa, wakaacha.

Vituo vitatu

Cha kwanza kiko Upper Hill. Bei yake ya IVF ilikuwa 350,000, na ndicho walichokaribia kulipa. Kabla mume hajapimwa, kiliwashauri waanze na IUI mara tatu kwa 55,000 kila mara, "tusikimbilie IVF." IUI ni kusafisha manii na kuyaingiza moja kwa moja kwenye nyumba ya uzazi, kisha mbegu na yai vikutane vyenyewe kwenye mrija. Ukizidisha namba za mume kwa ujazo wa mililita mbili na nusu, unapata mbegu zinazoogelea kama milioni nne na kidogo. Madaktari wengi huiona IUI ni kubahatisha ikiwa hazifiki milioni tano, na hapo hujataja kwamba mrija mmoja umeziba. Kwa hiyo 165,000, ambazo zingetosha dawa za mzunguko mzima wa IVF, zingeenda kwenye njia ambayo kipimo cha bei ya chakula cha mchana cha watu watatu kingeifunga mapema.

Niliwaomba warudi pale na swali moja: kutoka leo hadi siku ya kupima mimba, tutakuwa tumelipa nini na nini? Ilichukua muda kupata jibu kwa maandishi. Lilipokuja, 350,000 haikuwa na dawa za kuchochea mayai, zilizokadiriwa kuwa 150,000. Haikuwa na ICSI, ile njia ya kuchoma mbegu moja ndani ya yai, ambayo kwa namba za mume haikuepukika: 60,000. Kugandisha viinitete vinavyobaki: 40,000. Halafu kukawa na "kukwaruza ukuta wa nyumba ya uzazi" 25,000, ili mimba ishike vizuri. Jumla 625,000. Hilo la kukwaruza lilinikera kuliko mengine. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2019, wa wanawake zaidi ya 1,300, haukuona kwamba linaongeza watoto wanaozaliwa.

Cha pili kiko Parklands. Bei yake 540,000, na mke aliposikia alitaka kuinuka. Ndani yake mlikuwa na ICSI, dawa hadi kiwango fulani, ultrasound zote za ufuatiliaji, dawa ya usingizi, kupandikiza mara moja, na kuhifadhi viinitete mwaka wa kwanza. Nje yake: dawa zikizidi kiwango, na kupandikiza kiinitete kilichogandishwa, 110,000. Daktari wa hapo alikataa kupanga tarehe yoyote kabla ya mambo mawili, kipimo cha pili cha mume na uamuzi kuhusu mrija wa kulia.

Cha tatu ni idara ya uzazi ya hospitali kubwa iliyo kwenye orodha ya bima yao. Kadi inapita kwa kumwona daktari na kwa vipimo. Lakini hawafanyi IVF kila mwezi. Hukusanya wagonjwa wa kutosha ndipo waanze kwa pamoja, na kundi lililofuata lilikuwa la miezi minne mbele. Kwa mwanamke wa miaka 36 miezi minne si janga, ila hakuna sababu ya kuitoa bure.

Wengi wakifika hapa huchagua kimoja na kufanya kila kitu hapo. Ushauri wangu kwao ulikuwa kugawa kazi. Vipimo vyote vikafanywa kwenye hospitali ya tatu kwa kadi: manii mara mbili, homoni, virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, kaswende, pamoja na ada za daktari. Havikufika 60,000 ndani ya lile fungu la 100,000. Kabla ya hapo tulikiuliza kituo cha Parklands kama kitayapokea majibu ya maabara nyingine. Kilikubali yote ila cha manii, ambacho kilitaka kukirudia chenyewe. Kituo kinachokataa majibu ya kila maabara isipokuwa yake kina haki ya kufanya hivyo, lakini gharama hiyo uiongeze kwenye bei yake.

Mrija wa kulia

Mrija uliojaa maji si jambo la pembeni kwa anayekwenda IVF. Maji yake hutiririka kurudi kwenye nyumba ya uzazi, mahali hasa ambapo kiinitete kinatakiwa kujishika. Tafiti za miaka mingi zinaonyesha kwamba nafasi ya IVF kufaulu hupungua kwa karibu nusu, na kwamba kuutoa mrija huo au kuufunga kabla huirudisha. Kituo cha Upper Hill kilikuwa na picha ileile mezani na hakikuutaja. Ile 625,000 ingepandikiza kiinitete penye maji.

Upasuaji wa kamera wa kutoa mrija katika hospitali binafsi Nairobi si pesa ndogo. Makadirio waliyopewa yalikuwa 286,000. Na hapa ndipo bima iliporudi.

Daktari wa hospitali ya tatu alijaza fomu ya kuomba idhini, na penye sababu ya upasuaji akaandika neno moja: utasa. Ombi likarudi siku ya pili limekataliwa, kwa mujibu wa ule mstari wa pili. Mke alinipigia akiwa kwenye foleni ya malipo. Nyuma yake nilimsikia mhudumu akisema, "Mama, kama bima imekataa lipa kwa Mpesa ama upishe wengine." Jioni yake akanipigia tena. Mtu wa dawati la bima kwenye kituo kingine alikuwa amemwambia wasihangaike: fomu iandikwe appendiksi, italipwa, "kila mtu hufanya hivyo."

Nilimwambia asiguse hilo. Kuandika ugonjwa usiokuwepo ni udanganyifu, na Mamlaka ya Kudhibiti Bima ina kitengo chake cha polisi cha kuchunguza mambo hayo. Hata bila polisi, kampuni ya bima ikigundua inaweza kukataa dai na kumfutia mwanachama, na barua yake inapitia ofisi ya rasilimali watu ya kiwandani. Zaidi ya hayo hakukuwa na haja ya uongo wowote. Mke alikuwa na ugonjwa wa mrija. Ulikuwa unamuuma kwa miaka, ulionekana kwenye eksirei na kwenye ultrasound, na mwanamke asiyetaka mtoto kabisa akiwa na mrija ule na maumivu yale angefanyiwa upasuaji uleule na bima ingelipa bila kuuliza.

Daktari akaandika barua mpya ya ukurasa mmoja. Alieleza maumivu na tangu lini, dawa zilizotumika, ukubwa wa uvimbe, hatari ya maambukizi kujirudia. Tulisisitiza pia aandike wazi kwamba wawili hawa wanatafuta mtoto na huenda wakafanya IVF baadaye kwa gharama zao. Daktari alisita, akiogopa kwamba sentensi hiyo itaua ombi. Mimi nilitaka iwepo kwa sababu kampuni ingeikuta tu kwenye faili, na ni afadhali uwe umeisema mwenyewe. Daktari wa kampuni ya bima alipiga simu, akauliza maswali kuhusu maumivu, na barua ya dhamana ikatoka kwenye fungu la kulazwa. Mke alilipa 5,000 za kujichangia.

Si kila kampuni ingekubali. Kijitabu kingine kingeweza kusema "magonjwa yanayohusiana na utasa" hayalipiwi, na hapo mjadala ungekuwa mgumu zaidi. Ndiyo maana maneno ya kipengele chako husomwa kabla fomu haijajazwa.

Asilimia sitini ya nini?

Kila kituo walichokwenda kilikuwa na asilimia yake. Upper Hill walisema 60. Mume, mtu wa vipuri, alipenda namba hiyo kwa sababu ndiyo ilikuwa kubwa.

Sitini ya nini? Inaweza kuwa kati ya waliopandikizwa, wakiwa wameachwa nje wale ambao mayai yao hayakufika siku ya kupandikiza. Inaweza kuwa kipimo cha damu kilichoonyesha mimba, hata kama baada ya wiki mbili haikuwepo tena. Inaweza kuwa wanawake wa miaka 28 wanaotumia mayai ya wafadhili. Swali la maana ni hili: kati ya wanawake wa miaka 35 hadi 37 walioanza sindano hapa mwaka jana kwa mayai yao wenyewe, wangapi wamebeba mtoto nyumbani? Uingereza kuna mamlaka, HFEA, inayokusanya na kuchapisha matokeo ya kila kituo. Huko, mwanamke wa umri huo akipandikizwa kiinitete kimoja, nafasi ya kupata mtoto iko kati ya robo na theluthi. Nairobi, ambako watoto wa kwanza wa IVF nchini walizaliwa 2006, hakuna daftari la umma la kumwezesha mgonjwa kulinganisha vituo namna hiyo, na mbunge Millie Odhiambo amekuwa akisukuma mswada wa usaidizi wa uzazi bungeni kwa zaidi ya miaka kumi. Unachoweza kuhakikisha mwenyewe ni kwamba daktari na kituo wamo kwenye orodha ya baraza la madaktari, KMPDC.

Parklands walipoulizwa swali hilo hawakutoa 60. Walisema kwa umri wake na mayai yake wangetarajia kama theluthi kwa kila kupandikiza, na kwamba anaweza kufika mwisho bila kiinitete hata kimoja. Mke alitoka amenuna. Mimi nilikiamini zaidi kituo hicho kuanzia hapo.

Maswali mengine mawili tuliyapitia haraka. Stima ikipotea Jumapili usiku, viinitete viko salama kwa nini, na nani hupigiwa simu? Kituo kizuri hujibu bila kutafuta maneno: jenereta, betri, kengele inayolia kwenye simu ya mtu mwenye jina. Na barabara je? Ufuatiliaji huhitaji ultrasound kila baada ya siku mbili au tatu, kwa siku kumi au zaidi. Sindano ya kupevusha mayai hupigwa kama saa 36 kabla ya kuyatoa, kwa saa kamili, na manii ya kutolewa nyumbani yanapaswa kufika maabara ndani ya saa moja. Kutoka Donholm kwa Jogoo Road asubuhi ya Jumatatu, hiyo saa moja usiitegemee. Parklands walikuwa na chumba safi chenye mlango unaofungwa. Mume alisema hicho peke yake kilikuwa na thamani ya elfu kumi.

Viinitete viwili au kimoja

Upper Hill walikuwa wameahidi kupandikiza viwili au vitatu "ili mpate mapacha mara moja mmalize." Mama mkwe alilipenda sana hilo. Hapa ndipo upande wa pili wa bima unapoonekana. Fungu la uzazi la mke lilikuwa 150,000. Mapacha huzaliwa mapema mara nyingi zaidi kuliko mtoto mmoja, mara nyingi kwa upasuaji, na kitengo cha watoto wachanga mahututi katika hospitali binafsi hutoza kwa siku, tena kwa watoto wawili. Kijitabu kilikuwa na kikomo kidogo kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati. Wiki tatu tu zingekimaliza, na bili iliyobaki ingepita gharama ya IVF yenyewe. Tuliandika pia kuuliza kama mimba iliyopatikana kwa IVF inalipiwa sawa na nyingine, kwa sababu zipo sera zinazoitoa. Jibu la maandishi lilisema inalipiwa.

Kwa hiyo sera ya kituo ya kupandikiza kiinitete kimoja, ambayo mwanzoni waliiona ubahili wa daktari, ikawa sababu ya kukichagua.

Walikwenda Parklands miezi miwili baada ya upasuaji. Dawa zilizidi kiwango kwa 38,000, jumla ikawa 578,000. Mayai 8, yaliyopevuka 6, yaliyotunga 4, yaliyofika siku ya tano 2. Kimoja kilipandikizwa, cha pili kikagandishwa. Cha kwanza hakikushika. Mke hakwenda kazini wiki ile, na mume ndiye aliyenipigia kunieleza, kwa sentensi fupi fupi.

Kabla hawajapanga kupandikiza cha pili, kiwanda kilibadilisha kampuni ya bima mwezi wa Januari. Safari hii mke alikifungua kijitabu kabla yangu. Fungu la uchunguzi limeondolewa kabisa, la uzazi limepanda hadi 200,000, na kuhusu mimba ya IVF hakuna neno lolote. Ukimya wa aina hiyo siupendi, kwa hiyo ofisi ya rasilimali watu iliombwa iulize kwa barua, bila kumtaja mtu. Jibu lilichukua wiki tatu: mimba hulipiwa bila kujali ilivyopatikana, na wafanyakazi waliohama na kundi hawangoji muda wowote. Barua hiyo iko kwenye simu ya mke na nakala iko kwangu. Kituo kimewapa tarehe ya mwezi wa tatu, na zile 110,000 zinatoka kwenye chama cha mume, si mkopo mwingine.